Terry Hirst, mwalimu aliyeacha ualimu akachora maisha ya mitaa ya Nairobi

Katika miaka ya sabini, mkazi wa Eastlands hakuwa na haja ya kuelezwa Joe ni nani. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa jijini. Mshahara wake uliisha kabla ya mwezi, jamaa kutoka mashambani walimbishia hodi bila taarifa, na kicheko ndicho kilichomwezesha kuvumilia yote hayo. Alizaliwa katika maandishi ya mtoto wa Muthurwa, lakini sura aliipewa na Mwingereza aitwaye Terry Hirst. Tangu Hirst aage dunia mwaka wa 2015, jina lake limezidi kufifia, hata miongoni mwa vijana wanaochora vibonzo na kufuata njia aliyoifyeka.

Hirst alizaliwa Uingereza mwaka wa 1932. Alifika Kenya mwaka wa 1965, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, akiwa mwalimu wa sanaa, na baadaye akaongoza ufundishaji wa sanaa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta. Wageni wengi wa aina yake walimaliza mkataba wakarudi kwao. Yeye alibaki. Alijiunga na kundi lililoasisi Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoongozwa na mchoraji Elimo Njau na iliyotaka Mwafrika atazame kazi yake mwenyewe bila kusubiri kibali cha wakosoaji wa Ulaya. Katika kundi hilo alikuwamo Hilary Ng'weno.

Ng'weno, aliyezaliwa mwaka wa 1938, alikulia katika nyumba za reli za Muthurwa, akasomea Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Katika safu yake ya mzaha gazetini alimbuni Joe. Mwaka wa 1973 yeye na Hirst walianzisha jarida lililobeba jina la mhusika huyo. Ilikuwa bahati nasibu ya kweli. Hirst alikuwa na kazi ya heshima chuoni na mshahara wa kutegemewa. Aliviacha ili kuchora katuni, kazi ambayo wengi waliiona kuwa mchezo wa watoto. Ng'weno hakukaa sana, kwani kufikia Februari 1975 alikuwa ameanzisha The Weekly Review. Mzigo wa Joe ukabaki mabegani mwa Hirst na mkewe.

Ili kuelewa kwa nini jarida hilo lilipendwa, yafaa kuukumbuka mji wenyewe. Upande wa mashariki wa Nairobi ulijengwa na wakoloni ili kumhifadhi mfanyakazi Mwafrika, si familia yake. Pumwani ilitangulia, miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, kisha Bahati na Ofafa katika miaka ya hamsini, na Jericho karibu na uhuru. Chumba kilichokusudiwa vijana wasio na wake kiligeuka nyumba ya baba, mama, watoto na binamu anayetafuta kazi. Baada ya 1963 masharti ya kuingia mjini yalilegea, watu wakamiminika, na mradi wa Dandora ulipoanza katikati ya miaka ya sabini nyumba zilikuwa hazitoshi kabisa. Magazeti ya wakati huo yaliandika mengi kuhusu mawaziri na machache sana kuhusu foleni ya bombani. Joe iliandika na kuchora kuhusu foleni.

Majalada yalikuwa ya Hirst. Ndani alichora Daddy Wasiwasi, na jina hilo pekee lilitosha kumchekesha baba yeyote mwenye karo ya kulipa. Hata hivyo, ubora wake mkubwa zaidi, na jambo hili husahaulika, ni kwamba hakujaza jarida kwa mkono wake peke yake. Edward Gitau, ambaye wasomaji wa Taifa Leo wanamjua kwa Juha Kalulu, alichora City Life humo. Kimani Gathingiri alichora O.K. Sue, kuhusu maisha ya karani wa kike ofisini. Hadithi fupi za waandishi wa Kikenya, Meja Mwangi akiwa mmoja wao, zilichapishwa kando ya vichekesho, na msomaji aliyenunua jarida kwa ajili ya picha akajikuta amesoma fasihi.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Kabla ya tarakilishi, mchoraji wa vibonzo alianza kwa penseli hafifu juu ya karatasi nzito, kwa kipimo kikubwa kuliko ukurasa utakaochapishwa, ili mchoro ukipunguzwa mistari ikazane. Kisha alipitisha wino mweusi kwa kalamu ya kuchovya au brashi. Hapo hapakuwa na kurudi nyuma, isipokuwa kwa rangi nyeupe ya kufichia kosa. Maneno nayo yaliandikwa kwa mkono, herufi moja moja, na mchoraji alipaswa kupima nafasi mapema ili kauli isimfinye msemaji pembeni. Mchoro ukishapigwa picha kwa mtambo wa uchapishaji, karatasi ya asili ilihesabiwa kuwa imemaliza kazi yake. Huo ndio msiba wa sanaa hii. Kinachobaki kwa kawaida ni nakala iliyochapwa kwenye karatasi duni inayogeuka manjano, ilhali mchoro halisi, wenye alama za penseli na mikwaruzo inayoonyesha jinsi fundi alivyofikiri, haukudhaniwa kuwa mali ya kutunzwa. Michoro ya rangi ya mafuta huning'inizwa ukutani. Kibonzo hufungiwa njugu.

Joe ilikoma mwaka wa 1979. Hirst hakurudi darasani. Katika miaka ya themanini alishughulikia Pichadithi, mfululizo wa vitabu vya vibonzo uliounganisha picha na hadithi tangu kwenye jina lake, na uliowapa watoto wa Kenya ngano na masimulizi ya kale ya Kiafrika, kama ile ya shujaa Lwanda Magere, badala ya mashujaa wa kuagizwa kutoka Marekani.

Kazi yake yenye uzito zaidi, kwa wanaoujali mji, ilitoka mwaka wa 1994. Akishirikiana na Davinder Lamba wa Taasisi ya Mazingira, alitoa The Struggle for Nairobi, historia ya jiji iliyosimuliwa kwa picha, kuanzia kinamasi na reli hadi mivutano ya ardhi. Miaka minne kabla yake, Mei 1990, vibanda vya Muoroto karibu na kituo cha mabasi ya mashambani vilikuwa vimebomolewa kwa nguvu. Mkazi asiye na muda wa kusoma ripoti ya mipango ya miji angeweza kufungua kitabu hicho na kuona kwa macho yake kwa nini mtaa mmoja una miti na mwingine una mitaro ya maji machafu.

Je, mzungu angeweza kuyachora maisha ya Eastlands kwa haki? Swali ni halali. Pengine jibu limo katika watu aliowafungulia mlango, kwa kuwa wao waliendelea kuchora alipoweka kalamu chini. Mmoja wao alikuwa Frank Odoi, aliyetoka Ghana mwishoni mwa miaka ya sabini, akafanya kazi na Hirst, kisha akajulikana barani kote kwa Akokhan. Odoi alifariki mwaka wa 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Hirst alimfuata baada ya miaka mitatu, nusu karne kamili tangu alipokuja Kenya kufundisha.