Padre Dzierzon na Nyuki Wasio na Baba

Asali twaila sote, lakini ni wachache wanaojua kwamba siri kubwa ya malkia wa nyuki ilifumbuliwa na padre wa kijijini, Johann Dzierzon.

Alizaliwa tarehe 16 Januari, 1811, katika kijiji cha Lowkowitz, Silesia, ambacho leo kimo nchini Poland. Baba yake alikuwa mkulima na mfugaji wa nyuki. Johann alipata upadre katika Kanisa la Roma mwaka 1834, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika parokia ya Karlsmarkt. Huko aliendelea na mizinga yake.

Aliona kwamba malkia mwenye mbawa mbovu, asiyeweza kuruka kwenda kukutana na madume, hutaga mayai vilevile, ila hutoka madume matupu. Mwaka 1845 akatangaza kwamba nyuki dume hana baba. Wataalamu wengi walimpinga. Yeye akarudi mizingani. Mwaka 1853 alileta nyuki wa manjano kutoka Italia. Malkia wa manjano aliyepandwa na madume weusi alizaa majike wa rangi ya mchanganyiko, lakini madume wake walikuwa manjano kama mama yao. Kisha Profesa Siebold akayapima mayai kwa darubini. Katika mengi ya mayai ya majike alikuta mbegu za kiume. Katika yale ya madume hakukuta hata moja.

Leo twajua zaidi. Tumboni mwa malkia mna vijia vyembamba, zaidi ya 100 kila upande. Humo kila yai changa huambatana na chembe walezi, ambazo hulilisha mpaka likue. Chembe za mwili wa malkia zina kromosomu 32, yaani nyuzi za urithi, lakini yai hubakiwa na nusu yake, 16. Likipata mbegu kutoka kifuko cha akiba cha malkia, 16 za baba huongezwa, akazaliwa jike. Lisipopata, 16 za mama hutosha, akazaliwa dume.

Mwaka 1873 Dzierzon alitengwa na Kanisa lake kwa kukataa fundisho kwamba Papa hakosei. Walipatana mwaka 1905. Alifariki tarehe 26 Oktoba, 1906, mwenye umri wa miaka 95. Vijana wetu, mtu huyu hakuwa na maabara. Alikuwa na mizinga, macho, na saburi.