Leso ya Kioo: Maisha ya Paolo Venini

Ushanga uvaliwao na wanawake wa Kisamburu na Kiturkana hapa kwetu Isiolo ni kioo. Katika karne ya 19, ushanga mwingi ulioshushwa Unguja na kupelekwa bara kwa misafara ulitoka Venice, Italia. Wa siku hizi hutoka kwingine, lakini mimi kila niuonapo humkumbuka mtu mmoja aliyekipa kioo cha Venice uhai mpya. Jina lake Paolo Venini.

Venini hakuanza kazi kama fundi wa kioo. Alizaliwa karibu na Milan mwaka 1895, akasomea sheria, akawa wakili. Mwaka 1921 alishirikiana na Giacomo Cappellin, mfanyabiashara wa vitu vya kale, wakafungua kiwanda Murano, kisiwa ambako matanuri ya kioo ya Venice yalihamishiwa mwaka 1291 kwa kuhofia moto mjini. Mafundi wengi wa Murano walikuwa bado wakirudia marembo ya mababu. Wawili hawa wakataka umbo safi, lisilolemewa na mapambo. Mwaka 1925 waliachana, lakini Venini hakurudi kwenye uwakili.

Siri yake ilikuwa nini, msomaji? Aliwaita wachoraji na wasanifu, kama Carlo Scarpa aliyefanya naye kazi tangu 1932 hadi 1947, akawaweka bega kwa bega na wapulizaji kioo. Mmoja alileta fikira, mwingine pumzi na mkono.

Tunda mashuhuri la ushirika huo ni chombo cha maua kiitwacho Fazzoletto, yaani leso ya mkononi, alichokibuni pamoja na Fulvio Bianconi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kioo kikiwa bado laini kwa moto hupinduliwa, uzito wake wenyewe ukavuta kingo chini, zikajikunja mfano wa pindo za leso.

Venini alifariki mwaka 1959. Leo wapenzi wa vyombo hivyo huvinunua kwa fedha nyingi, na kwanza hutazama kitakoni kutafuta muhuri wa Venini. Jina la aliyepuliza kwa kawaida halimo. Namsifu marehemu kwa kutambua kwamba bila mkono wa fundi fikira hubaki karatasini. Lakini haki ya fundi haijatimia mpaka naye atajwe, awe mpuliza kioo wa Murano au mama mtunga ushanga wa Isiolo, ambaye kazi yake hufika mbali na jina lake likabaki nyumbani.