Charles Stokes, mtu wa misheni aliyeuza bunduki

Mara hii nataka tumkumbuke mtu ambaye watoto wetu hawamjui, ingawa alipita katika nchi tulizokimbia na katika hii tuliyokimbilia. Ni Charles Stokes, Mwailandi, aliyezaliwa Dublin mwaka 1852.

Akiwa kijana alihamia Liverpool, Uingereza, akawa karani. Kisha alijitoa kwa shirika la Church Missionary Society, nalo likamtuma Afrika Mashariki mwaka 1878. Hakuwa mchungaji. Kazi yake ilikuwa misafara: kukusanya wapagazi pwani, kuwalipa kwa nguo na kuwafikisha salama hadi ziwani na mizigo yao. Aliiweza kazi hiyo kuliko Wazungu wengi, maana alijua kupatana na wapagazi na watemi. Mwaka 1882 aliongoza msafara wa James Hannington, yule aliyerudi baadaye akiwa askofu na kuuawa hapa Busoga mwezi Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Mwaka 1883 Stokes alimwoa Ellen Sherratt huko Zanzibar. Mwaka uliofuata mama huyo alifariki baada ya kujifungua mtoto wa kike. Baadaye Stokes alimwoa Limi, binti wa ukoo wa kitemi wa Unyamwezi. Wakubwa wa misheni hawakupendezwa, naye akaacha kazi yao na kujiingiza katika biashara ya pembe za ndovu. Ndoa hiyo ilimpa wapagazi na njia. Bunduki na baruti zilimpa pembe.

Hapa ndipo biashara ilipogeuka siasa. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na muda mfupi baadaye Wakristo wa Buganda walifukuzwa. Walikimbilia upande wa Ankole, wakapokelewa na mfalme Ntare. Ndugu zetu walioko Nakivale leo wanaishi katika nchi hiyohiyo. Basi tusidhani sisi ndio Wakristo wa kwanza kulala ugenini huko. Mwanga alikuwa amekimbilia kusini ya ziwa. Mwaka 1889 Stokes alimchukua katika mashua yake pamoja na silaha, akamrudisha, na mwezi Oktoba Mwanga akaingia tena Mengo. Naam, Mwanga yuleyule aliyemuua Hannington! Wakristo wenyewe walikuwa wamekubali kumpigania. Mimi nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na bado silioni kuwa jepesi.

Baadaye alitumikia Wajerumani, akiwasaidia kupatana na watemi wa bara. Lakini pembe zilimvuta magharibi, hadi misitu ya mashariki ya Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliihesabu kuwa mali yake. Maofisa wa Leopold walikuwa wakipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Pembe zenyewe walizitaka wao pia. Walimkamata Stokes, wakampeleka kwa Kapteni Lothaire, mahali paitwapo Lindi (si ile Lindi ya Tanzania). Shtaka lilikuwa kuwauzia maadui bunduki. Kwamba aliziuza, sioni sababu ya kumtetea; sisi tunajua bunduki inayouzwa inakwenda kufanya nini. Lakini hakuwa na mtu wa kumtetea, wala hakuruhusiwa kukata rufaa kwenye mahakama ya Boma. Tarehe 14 Januari 1895 alihukumiwa, na tarehe 15 alinyongwa. Alikuwa na umri wa miaka 42, pungufu kidogo ya wangu.

Habari zilipofika Ulaya magazeti yalilalamika sana, na Waingereza wengi wakaanza kuuliza utawala wa Leopold ni wa namna gani. Wakongo waliokuwa wakifa chini ya utawala huohuo hawakuwa na balozi wa kuwaulizia. Serikali ya Leopold ililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa Boma mwaka 1896, akaachiliwa. Akashtakiwa tena Brussels mwaka huohuo, akaachiliwa tena.