Virginia Apgar: jina linaloandikwa kwenye fishi ya mtoto

Katika maternite nyingi za mashariki mwa Kongo, iwe Bukavu, Goma, Bunia ao Uvira, mtoto akisha kuzaliwa mkunga anaandika kwenye fishi neno Apgar, na namba mbili ao tatu pembeni yake. Wazazi wengi wanafikiri ni jina la dawa ao la ugonjwa. Hapana. Ni jina la mtu: Virginia Apgar, daktari wa Marekani. Yeye njo aliwafundisha waganga kumwangalia mtoto katika dakika yake ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 7 Juni 1909, huko Westfield, jimbo la New Jersey. Kwao ugonjwa ulikuwa jambo la nyumbani: kaka yake mmoja alikufa na kifua kikuu, mwingine aliugua kwa miaka mingi. Mwaka 1933 alimaliza masomo ya udaktari kwenye chuo kikuu cha Columbia, New York. Alitaka kuwa daktari wa kupasua. Mkubwa wake, Allen Whipple, alimshauri aache, kwa sababu wanawake waliofanya kazi hiyo hawakupata riziki. Tena, hopitali ilihitaji watu wa kulaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa.

Wakati ule kazi ya usingizi ilifanywa zaidi na wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Apgar aliijifunza, tena vizuri. Mwaka 1938 alipewa kuiongoza katika hopitali ya Columbia. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika kitivo chake cha udaktari.

Akaanza kufuatilia chumba cha kuzalia. Pale aliona jambo lililomsumbua: macho yote yalikuwa kwa mama. Mtoto aliyetoka bila kulia, mlegevu, rangi ya buluu, ao mdogo sana, mara nyingi aliwekwa pembeni na kuhesabiwa kama amekufa. Haikuwa roho mbaya. Hakukuwa na kipimo ambacho wote wanakifuata, wala mtu mwenye jukumu la kumwangalia huyu mdogo.

Mwaka 1952 Apgar alitangaza kipimo chake, na mwaka 1953 kikachapishwa. Dakika moja baada ya kuzaliwa, mtu aangalie mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, namna mtoto anavyoitika akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo linapewa 0, 1 ao 2. Jumla ni 10. Baadaye dakika ya tano ikaongezwa. Hakuna mashine inayohitajika, ni macho, masikio na mikono tu. Kwa watoto weusi, rangi inaangaliwa kwenye midomo, ulimi na viganja.

Namba hizo zilimgusa hata yeye mwenyewe. Akishirikiana na wenzake, aligundua kwamba gazi moja ya usingizi waliyowapa mama wakati wa kuzaa iliwadhoofisha watoto. Ilikuwa gazi aliyoipenda. Akaiacha.

Kwa muuguzi wa leo, kazi ngumu ni kuelewa namba hiyo inasema nini na haisemi nini. Mtoto asiyepumua hangojewi dakika iishe: anakaushwa, anapewa joto, anapewa hewa kwa balo na maski, hapohapo. Alama ya dakika ya tano inaonyesha kama msaada unafika. Alama ndogo si hukumu ya kifo, wala haitoshi kusema mtoto atakuwa mlemavu. Na pale ambapo kila kitu kimefanywa lakini mtoto hawezi kupona, kazi ya muuguzi haijaisha. Mtoto anahitaji joto, asiachwe na maumivu, awekwe mikononi mwa mama yake. Wazazi nao wanahitaji kuambiwa ukweli kwa upole. Kumweka pembeni peke yake ni kurudi kule kule Apgar alikokukataa.

Mwaka 1959 aliacha chumba cha kuzalia, akaingia shirika la March of Dimes. Huko alitembea sana akiwafundisha wazazi na waganga juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro ao kabla ya wakati, na akatetea chanjo ya rubela. Alikufa New York tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na miaka 65. Hakuolewa, hakuzaa.

Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutoka maternite: mtoto wangu alipata ngapi dakika ya kwanza, na ngapi dakika ya tano? Kama jibu liko kwenye fishi, maana yake kuna mtu aliyemwangalia.