Sayyid Khalid bin Barghash: Mtoro aliyeokolewa na kifungu cha mkataba

Kila ninaposoma kwamba mtu fulani anatafutwa na Interpol, au kwamba raia wa nchi moja amekabidhiwa nchi nyingine usiku usiku bila ndugu zake kujua, humkumbuka Sayyid Khalid bin Barghash. Wengi tunamjua kwa jambo moja tu: vita vya Unguja vya Agosti 27, 1896, vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Watembeza wageni pale Mji Mkongwe huvisimulia kama kichekesho. Watu wapatao mia tano wa upande wa Sayyid waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile, na mimi sioni wapi pa kuchekea.

Ninachotaka kukieleza leo, ndugu msomaji, ni yale yaliyofuata baada ya mizinga kunyamaza. Huko ndiko kwenye somo la sheria ambalo halijachakaa hata kidogo.

Khalid alikuwa mtoto wa Sayyid Barghash na mjukuu wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1893, alipofariki Sayyid Ali bin Said, alijaribu kukalia kiti, akatishwa, akaondoka. Agosti 25, 1896 akafariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, naye akaingia kasri siku hiyo hiyo akajitangaza. Safari hii hakukubali kutoka. Waingereza walikuwa wameifanya Zanzibar nchi ya himaya yao tangu 1890, na walidai kwamba hakuna anayekalia kiti bila idhini yao. Mtu wao alikuwa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Saa ilipotimia na dakika mbili, manowari za Admirali Rawson zikaanza kupiga. Kasri ikabomoka, ikazamishwa na meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow. Khalid na wafuasi kama arobaini hivi wakakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Sitaki kumpaka mafuta. Khalid hakuwa walii. Miongoni mwa walioilinda kasri walikuwamo watumwa, na sidhani waliulizwa kama wanataka kufa kwa ajili ya nani akalie kiti. Lakini haki ya mtu mbele ya sheria haipimwi kwa wema wake. Ingekuwa hivyo, mawakili wangekosa kazi.

Waingereza wakamtaka mtu wao. Wakaweka askari nje ya ubalozi, akitoka tu akamatwe. Wajerumani wakajibu kwa karatasi. Kati ya dola hizo mbili ulikuwapo mkataba wa kubadilishana wahalifu wa mwaka 1872, na ndani yake ilielezwa kuwa anayetuhumiwa kwa kosa la kisiasa hakabidhiwi. Mtu aliyegombea kiti cha baba yake akashindwa, kama si mkosa wa kisiasa ni nani basi?

Na hapa ndipo penye utamu. Kanuni hiyo ilikuwa ya Waingereza wenyewe! Bunge la London lilipitisha sheria mwaka 1870 inayokataza kumtoa mtu kwa kosa la namna hiyo. Tena miaka michache tu kabla ya Khalid, Uswisi ilimtaka mtu mmoja aitwaye Castioni, aliyempiga risasi kiongozi wa serikali ya jimbo katika uasi wa Ticino wa 1890. Mahakama ya London ikakataa kumtoa, kwa kuwa kitendo kilikuwa sehemu ya machafuko ya kisiasa. Mwaka 1894 mahakama hizo hizo zikamtoa Meunier kwa Ufaransa. Huyo alikuwa mtega mabomu wa Paris aliyepinga serikali zote, hakuwa wa upande unaogombea madaraka. Kwa kipimo hicho Khalid alisimama upande wa Castioni bila shaka yoyote.

Tusidanganyike, lakini, kwamba Wajerumani walikuwa na huruma na watu wa pwani. Ni hao waliomnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani mwaka 1889, na Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa mwaka 1895. Mapema mwaka huo wa 1896 walikuwa wamempokea Mbaruk bin Rashid Mazrui alipovuka mpaka akiwakimbia Waingereza. Aliyewapinga wao alinyongwa, aliyempinga jirani yao alipewa nyumba. Sheria ilikuwapo, lakini ilimfaa Khalid kwa sababu nyuma yake palikuwa na dola yenye manowari.

Akakaa ubalozini siku 36. Tatizo lilikuwa hatua chache za ardhi ya Unguja kati ya jengo na bahari, maana angezikanyaga tu angekamatwa. Oktoba 2 ikafika manowari ya Kijerumani, Seeadler. Maji yalipojaa, mashua yake ikasogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani moja kwa moja bila mguu wake kugusa ardhi nyingine. Akapelekwa Dar es Salaam. Hatua moja tu, na wale askari wote wakabaki wanatazama.

Wafuasi wake hawakupata mashua. Walitozwa fidia, pamoja na gharama ya makombora waliyopigiwa. Hilo nalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja kisha vikapita.

Leo hali ikoje? Notisi nyekundu ya Interpol, inayowatisha watu sana, si hati ya kukamatia. Kila nchi inaamua yenyewe uzito wa kuipa. Katiba ya Interpol, kifungu cha 3, inakikataza chombo hicho kuingilia mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi, na ipo tume ambako anayetafutwa anaweza kuomba jina lake lifutwe. Wakili anayeijua kazi huanzia hapo. Kisha huuliza: mkataba upo? Kosa linatambuliwa na nchi zote mbili? Mteja wangu atafikishwa mbele ya hakimu kabla ya kupandishwa ndege?

Swali hilo la mwisho ndilo linalotuumiza sisi. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakasafirishwa kwa ndege hadi Somalia na wengine wakafikia Ethiopia, bila kesi. Mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya walipelekwa Uganda bila utaratibu wa kukabidhiana kufuatwa. Na Afrika Kusini ilimtoa Mzanzibari mmoja kwa Marekani mwaka 1999 kuhusu mabomu ya balozi za 1998. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikatamka kwamba alitolewa kinyume cha katiba, kwa kuwa haikupatikana kwanza ahadi kwamba hatahukumiwa kifo. Tuhuma zilikuwa nzito kuliko zote, na bado majaji walisema utaratibu ni haki yake. Ila hukumu ilipotoka mtu alishakuwa New York.

Khalid naye mwishowe hakuokolewa na karatasi. Aliishi Dar es Salaam karibu miaka ishirini. Mwaka 1916, vita vikuu vilipofika, Waingereza wakauteka mji na Khalid wakamkamata. Safari hii hakukuwa na mkataba wa kusomwa wala balozi wa kubisha. Hakushitakiwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni, Seychelles na Saint Helena. Seychelles ndiko walikokuwa wamefungiwa Kabarega wa Bunyoro na Prempeh wa Ashanti, na Saint Helena ndiko alikofia Napoleon.

Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akakaa Mombasa, na huko akafariki mwaka 1927. Pwani ile kisheria ilikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiikodi tu, na bendera nyekundu ya ukoo wake ilikuwa ikipepea mjini.