Louis Leakey: Msee Aliyesoma Mawe ya Naks, Kisha Akachoma Juu ya Shimo Moja

Kama hupanda mat ya Naks kutoka Nairobi, kuna stori unaipita kila safari. Ukitoka Gilgil unapita Kariandusi. Mbele kidogo ni Elementaita. Na kabla uingie town kuna Hyrax Hill, kile kilima wasee hupita wakienda job bila hata kugeuza shingo. Maeneo yote hayo yana mkono wa jamaa mmoja: Louis Leakey.

Louis alikuwa mzungu, lakini ocha yake ilikuwa hapa hapa. Alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, wazazi wake wakiwa wamishonari. Alikua akicheza na vijana wa Kikuyu, akaongea lugha yao kama ya mamake, na hata jando alipitia na rika lake. Akiwa na miaka kama 13 alipewa kitabu kuhusu watu wa zamani waliotumia mawe kama visu. Basi kijana akaanza kuokota vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Watu wa nyumbani hawakuona maana. Lakini Arthur Loveridge, aliyesimamia makumbusho ya Nairobi, aliangalia akamwambia ukweli: baadhi ya hivyo vipande vilichongwa na binadamu. Hapo kijana akajua kazi yake ni gani.

Alienda chuo cha Cambridge, akamaliza 1926 na alama za juu. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliamini binadamu alianzia Asia. Louis alishikilia ni Afrika, na wengi walimwona anaota. Mwaka huo huo akarudi Kenya na mwenzake mmoja wa chuo, doo kidogo mfukoni, akapiga base pande za Nakuru na Elementaita. Alikuwa na miaka 23.

Mbona Naks? Juu bonde lenyewe linasaidia. Volkeno zilimwaga majivu, maziwa yakapanda na kushuka, na kila mara tabaka jipya la udongo lilifunika la zamani. Ni kama keki. Cha chini ni cha kitambo, cha juu ni cha juzi. Ukichimba pole pole na mwiko na brashi, ukipitisha mchanga kwa chekeche na kupima kila futi, unaweza kujua nani alitangulia nani. Pia Mlima Eburru uko karibu na obsidiani yake, kwa hivyo mafundi wa zamani hawakukosa mali ya kuchonga.

Kwenye Gamble's Cave, pango lililoko karibu na Elementaita, mbogi yake ilichimba futi zaidi ya 20 kati ya 1927 na 1929. Walipata visu vya obsidiani kwa wingi na mifupa ya watu waliozikwa humo. Kariandusi nako, timu yake ilikuta mashoka ya mawe ya karibu miaka milioni moja, yamelala pale pale yalipoachwa. Jina lake likaanza kuvuma hadi London.

Halafu akachoma.

Mwaka wa 1932 alikuwa Kanam na Kanjera, upande wa Nyanza, karibu na ziwa. Waliokota taya na vipande vya mafuvu, na Louis akatangazia dunia kwamba hawa ndio mababu wa kale kabisa wa binadamu wa leo. Mwanajiolojia Percy Boswell akataka kuona mahali penyewe kwa macho yake. Alipofika mwanzoni mwa 1935, Louis hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyoacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, waliokuwa na matumizi yao ya chuma. Kamera yake ilikuwa imefeli. Picha aliyoazima kwa mtu ilikuwa ya sehemu nyingine kabisa. Boswell alirudi Uingereza akaanika mambo yote kwenye jarida la Nature. Msee aliyekuwa staa akawa mtu wa kushukiwa, na mlango wa kazi Cambridge ukafungwa.

Hebu fikiria. Mifupa alikuwa nayo mkononi. Alichokosa ni mahali ilipotoka, na bila hapo hakuna mtu angejua ni ya tabaka gani. Mfupa ukawa bubu.

Aliyebadilisha kazi hiyo ni Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji makini aliyemwoa mwishoni mwa 1936. 1937 Mary alianza kuchimba Hyrax Hill, akichora kila kaburi na kila jiwe mahali pake. Juu ya uangalifu huo ndio tunajua leo kwamba wanawake wa pale walizikwa na vyombo vya mawe na wanaume hawakupewa. 1938 wakachimba pango la mto Njoro, mahali watu karibu 80 walichomwa baada ya kufa, kila mmoja na bakuli lake la mawe. Na kwa miaka mingi fundi Heselon Mukiri, rafiki ya Louis tangu utotoni, alichimba kando yao. Jina lake halikuvuma vile lilistahili.

Louis hakuwa malaika. Kwenye kesi ya Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani wa korti, na mawakili wa utetezi walilalamika hadi akajitoa. Wakati wa vita vya Mau Mau alisimama na serikali ya mkoloni dhidi ya watu aliokua nao. Hilo halifutiki.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kitandani, Mary aliona fuvu likichungulia udongoni kule Olduvai, Tanzania. Safari hii kila kitu kilirekodiwa. Tabaka likajulikana, majivu ya volkeno yakapimwa Marekani kwa njia mpya ya potasiamu na agoni, na 1961 jibu likatoka: miaka milioni 1.75. Hoja ya Afrika badala ya Asia ikapata nguvu. Njia nyingine za kupima zilimsahihisha yeye pia: Gamble's Cave aliyodhani ni ya kitambo sana, tabaka zake maarufu zikaonekana ni za miaka kama elfu 8 tu.

Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Sasa Naks ni city. Ploti zinauzwa, misingi inachimbwa kila kona. Siku moja wewe ama fundi wako mtagonga bakuli la mawe ama mfupa. Usiling'oe kwenda kupamba keja. Liache hapo, piga picha na simu, weka lokesheni, kisha uambie watu wa makumbusho. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inataka uripoti. Louis angetoa chochote kupata hiyo simu yako mwaka wa 1932.