Kitabu Kisichouzwa: Maisha ya Henry Dunant

Wengi wakisikia neno sadaka, fikira zao huelekea kwenye fedha, chakula na nguo. Lakini kutoa kitabu bure nako kumepata kufungua mikono ya watu, na mfano ulio wazi ni ule wa Bwana Henry Dunant, mwenyeji wa Geneva katika nchi ya Uswisi, aliyezaliwa tarehe 8 Mei, 1828.

Dunant alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa na shughuli za kilimo na kusaga nafaka huko Algeria, iliyotawaliwa na Wafaransa, naye alihitaji kibali cha kutumia maji. Mwaka 1859 akafunga safari kwenda kumwomba kibali hicho Kaisari Napoleon III, aliyekuwa vitani kaskazini ya Italia dhidi ya majeshi ya Austria. Basi hakwenda huko kutafuta thawabu. Alikwenda kutafuta faida. Akafika katika mji mdogo wa Castiglione baada ya vita vya Solferino vya tarehe 24 Juni, akakuta maelfu ya majeruhi wamelazwa makanisani na njiani, waganga hawatoshi, na kiu inawatesa.

Wanawake wa mji ule walikuwa wakiwahudumia wote bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani, naye akajiunga nao. Akamtuma mwendesha gari lake la farasi mpaka Brescia akanunue malimau, sukari, mashati, tumbaku na vitambaa vya kufungia majeraha. Vitu hivyo vilisaidia, kisha vikaisha.

Aliporudi kwao aliandika yote aliyoyaona. Mwaka 1862 akachapisha kwa gharama yake mwenyewe nakala 1,600 za kitabu kiitwacho Kumbukumbu ya Solferino, kikiwa na maandishi ya kueleza kwamba si cha kuuzwa, akazipeleka kwa watawala, majemadari na watu mashuhuri wa Ulaya. Je, fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia dawa? Msomaji ana haki ya kuuliza hivyo, lakini sisi hatudhani. Mfalme haendi dukani kutafuta habari za majeraha ya askari wake. Ila kitabu kilicholetwa mkononi mwake kuwa zawadi, huenda akakifungua. Tena mwandishi hakujiombea kitu. Alimwonyesha msomaji wake mateso yale kwanza, na mwishoni ndipo akauliza kwa nini wakati wa amani visiundwe vyama vya watu wa kujitolea, walio tayari kuwauguza majeruhi wa pande zote.

Mmoja wa waliokisoma alikuwa mwanasheria Gustave Moynier, mwenyekiti wa chama kimoja cha hisani mjini Geneva. Mwezi Februari, 1863, ikaundwa kamati ya watu watano, Dunant akiwa mmoja wao, na kamati hiyo ndiyo asili ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti, 1864, mataifa 12 yakatia sahihi Mkataba wa Geneva. Vyama vya kukusanya michango na kuwahudumia majeruhi vikaenea nchi hata nchi, na mwaka 1876 Dola ya Uthmania ikachagua hilali nyekundu kuwa alama yake, ambayo hadi leo hutumiwa na nchi nyingi za Waislamu.

Dunant mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1867 biashara yake ya Algeria ilianguka, na mahakama ya Geneva ikamtia hatiani kwa mambo ya kufilisika huko, hilo hatulifichi. Akatoka katika kamati aliyosaidia kuiasisi, akaishi miaka mingi katika ufukara, dunia ikimsahau, mpaka akapata makao katika kijiji cha Heiden. Tangu mwaka 1892 alikaa katika chumba cha hospitali ya hapo. Mwaka 1901 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani, ya kwanza kabisa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Fedha za tuzo hakuzitumia, wala hakuhama chumba chake. Akafariki tarehe 30 Oktoba, 1910, na katika wasia wake akaacha fedha za kugharimia kitanda kimoja katika hospitali ile, ili maskini wa Heiden watibiwe bure.